Rimu pana kwa gari ndogo: zipi za kununua, zipi za kuacha dukani

Muuza rimu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, atakuuliza mambo mawili: gari gani, na inchi ngapi. Ukimjibu "Premio, inchi 17," anakushushia seti, anaegemeza moja kwenye gari lako na kukwambia, "Hii inaingia kaka, wala usiwe na wasiwasi." Hadanganyi. Kwenye stadi, zile boliti za gurudumu, inaingia. Kasheshe hutokea siku umepakia watu wazima nyuma, uko njiani kupandisha Lushoto kutoka Mombo, na kila kona tairi inakwangua fenda. Namba zilizokuwa zikueleze hayo zimechapwa mgongoni mwa rimu, chini ya vumbi la breki, na hakuna aliyezisoma.

Igeuze. Utaona kitu kama 17x7J na pembeni ET40, au kwa rimu za Kijapani +40 peke yake. Hiyo 17 ni kipenyo, ambacho ndicho kila mtu anakitaja. 7J ni upana kwa inchi, unaopimwa pale tairi inapokalia. Ukiweka futi ukapima kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje utapata karibu inchi moja zaidi, kwa hiyo usibishane na muuzaji kwa futi. ET40 ndiyo ofseti: milimita 40 kati ya mstari wa katikati ya rimu na ule uso unaobana kwenye habu, yaani kitovu cha gari kinachoshika gurudumu. Uso huo ukiwa umesogea upande wa barabarani, ofseti ni chanya na gurudumu linaingia ndani ya gari. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikifika chini ya sifuri unapata zile rimu zenye bakuli refu mbele, ambazo nyumbani kwake ni pikapu na gari za porini.

Sasa hesabu, na hapa ndipo pesa yako inapookolewa. Tuseme gari lako lilitoka kiwandani na 6J, ofseti 45, jambo la kawaida kwa Toyota ndogo nyingi. Unaletewa 7.5J yenye ofseti 35. Upana umeongezeka inchi moja na nusu, yaani milimita 38, nusu yake kila upande: 19. Ofseti imepungua 10, na hizo 10 zinahamia nje. Kwa hiyo ukingo wa nje unasogea nje milimita 29, na ukingo wa ndani unasogelea shokapu milimita 9. Mtu akikwambia "imeongezeka inchi moja na nusu tu", mjibu kwa hizo mbili, 29 na 9. Kisha nenda kapime kama nafasi ipo.

Kupima hakuhitaji mashine. Gari likiwa chini na limepakiwa kama unavyolipakia siku ya safari, ning'iniza uzi wenye nati kutoka ukingo wa fenda na uone tairi liko ndani yake kwa milimita ngapi. Halafu ingiza kidole, au bora kijiti, kati ya tairi na shokapu kwa ndani. Mimi chini ya milimita 5 zikibaki upande wa shokapu siendelei, kwa sababu tairi hujikunja kwenye kona na beringi ikichoka kidogo gurudumu linacheza. Mbele, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili kabla ya kuamini chochote.

Kama rimu yako haina maandishi, ilaze kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya mgongo wake, na upime kutoka ubao mpaka uso wa habu. Toa nusu ya upana wote wa nje. Kwa mfano umepata milimita 134, na upana wote ni 178: nusu ni 89, ofseti ni 45.

Kwa gari ndogo za kawaida hapa Tanga, ninavyozipanga mimi ni hivi.

Nafasi ya kwanza: rimu ya kiwandani ya ndugu wa gari lako

Yaani rimu ya mtumba kutoka Japani, ya toleo la juu la gari hilohilo au la familia yake, tuseme 16x6.5J yenye ofseti ileile 45. Kila upande unaongezeka milimita 6 na kitu. Tundu la katikati linakaa sawasawa kwenye habu, na tairi ya 205/55R16 (upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16) ina kipenyo cha milimita 632 dhidi ya 634 ya ile 195/65R15 ya zamani, kwa hiyo mita ya spidi haidanganyi. Watu hawaipendi kwa sababu haina mbwembwe. Lakini ndiyo utakayokaa nayo miaka bila kuikumbuka, na kwenye barabara ya vumbi bado una ukuta wa tairi wa kukinga rimu.

Sharti moja: dai na nati zake. Rimu nyingi za alumini za kiwanda cha Toyota hubanwa kwa nati zenye washa bapa. Rimu za chuma, na karibu rimu zote za spoti za dukani, zinataka nati zenye koni. Ukiweka yenye koni kwenye rimu ya washa bapa, nati inabana sehemu ndogo tu ya chuma na inalegea ukiwa njiani.

Nafasi ya pili: spoti mpya ya 7J, ofseti 38 mpaka 42

Ukichukua 17x7J ET40, unatoka nje karibu 18 na kuingia ndani karibu 8. Gari nyingi ndogo zinaimeza bila kukata kitu, ila pima la kwako. Tafuta alama ya JWL, kiwango cha Kijapani cha rimu za alumini, kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye stika. Tairi nachagua 205/50R17 kabla ya 215/45R17: ukuta wake ni milimita 103 dhidi ya 97, na matuta ya barabara ya Segera yanahesabu hata hizo sita.

Spoti za dukani hutobolewa tundu kubwa la katikati ili ziwafae wengi, mara nyingi milimita 73, wakati habu ya Toyota ndogo ni 54.1. Hilo pengo linajazwa na pete. Bila pete rimu inategemea nati pekee ikae katikati, nawe unaanza kusikia usukani unatetemeka kuanzia spidi 80 na kumlaumu fundi wa balansi.

Hesabu ya matundu pia. "Tundu tano" siyo jibu. Premio na Allion ni 5x100 (matundu matano kwenye duara la milimita 100), Mark X na Harrier ni 5x114.3. Mtego mbaya zaidi ni rimu ya gari ya Kijerumani ya 5x112 kwenye stadi za 114.3: kwa nguvu ya spana inaingia, na stadi zinabaki zimepinda. Mwenye Subaru ajue vilevile kwamba hata matundu yakilingana nati zake zina meno ya 1.25 (milimita kati ya jino na jino) na za Toyota ni 1.5. Ukilazimisha unakula stadi.

Nafasi ya tatu: rimu zako, tairi pana kidogo

6J inabeba 205/60R15 bila shida. Gharama ni ya matairi tu, na sura ya gari karibu haibadiliki. Tusidanganyane tu kwamba pana maana yake salama: siku za masika, maji yakituama barabarani, tairi pana huelea mapema kuliko jembamba.

Nafasi ya nne: spesa

Spesa ni kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu; ya milimita 15 inaifanya ofseti 45 kuwa 30, basi. Nakubali ile inayofungwa kwa nati zake na yenye ukingo wa kukalia habu. Hizi sahani tupu zinazochomekwa tu zinakula urefu wa stadi. Kwa stadi ya milimita 12, nati izunguke kwa mkono angalau mara 8 kabla ya kukaza. Chini ya hapo rudisha.

Nafasi ya mwisho: 8J, ofseti 30 kushuka chini

Milimita 40 nje. Zinapendeza zikiwa zimeegeshwa Raskazone jioni. Ukiendesha, usukani unavuta kila mfereji wa lami, beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu kuliko zilivyopangiwa, na mawe yanapiga ubavu wa gari lako mwenyewe. Wengine huvuta tairi ya 195/65R15 juu yake ili isiguse fenda. Tairi hiyo kikomo chake ni 7J. Rimu za chuma zilizokatwa na kuchomelewa ziwe pana siziweki hata kwenye orodha.

Kwa mtumba wowote wa pwani hii, kabla hujalipa, omba rimu izungushwe kwenye mashine ya balansi na uangalie upande wa ndani, siyo ule unaong'aa. Tafuta alama za kuchomelea, na ukungu mweupe wa chumvi pale tairi inapokalia. Huo ndio unaotoa upepo taratibu usiku, na kila asubuhi unaambiwa huna pancha.

Ukishafunga, endesha kama kilomita 100 kisha rudia kukaza kwa spana ya kipimo. Toyota ndogo nyingi ni Nm 103. Na zile nati za zamani zenye koni usizitupe. Spea yako bado ni ya chuma, na siku ukipata pancha Hale usiku, usibahatishe na nati bapa za rimu mpya.