Super VC10 ya plastiki mezani kwangu, baada ya karibu miaka 50

Mara ya mwisho kuunganisha ndege ya plastiki ilikuwa 1976: Spitfire ya Airfix iliyoletwa kutoka Uingereza na rafiki wa baba, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Niliimaliza mchana mmoja. Gundi ilitoka kwenye tyubu ikivutika kama mlenda, na kioo cha rubani kikabaki na alama ya dole gumba langu. Mwaka huu, nimeshastaafu na nina miaka 62, nimemaliza ndege yangu ya pili. Imekula miezi mitatu na nusu.

Nilichonunua ni sanduku la Super VC10, ndege ya abiria ya Uingereza, kipimo cha 1/144, yaani ndege ya mita 52 inakaa mezani kwa sentimita 36. Kiwanda na duka siwataji; sanduku moja halitoshi kumhukumu mtu. Pamoja na alama za East African Airways, lile shirika la ndege la pamoja la Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo nilinunua kando kwa sababu za sandukuni zilikuwa za BOAC ya Uingereza, nililipa kama shilingi 130,000. Usafirishaji haumo, na huo nisingependa mama watoto ausome hapa.

Kwa nini VC10? Kaka yangu alikuwa mpakiaji mizigo wa East African Airways pale uwanja wa Dar es Salaam mpaka shirika lilipokufa 1977. Lilikuwa na Super VC10 tano, ya kwanza ikiwa imepokelewa 1966. Mimi niliitaka ile yenye usajili 5H-MOG, kwanza kwa kuwa 5H ni alama ya ndege zilizosajiliwa Tanzania, pili kwa kuwa ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani. Shirika lilipovunjika ilirudi Uingereza, jeshi la anga likaigeuza kuwa ya kujazia ndege nyingine mafuta angani. Iliruka hadi Septemba 2013, ikatua Dunsfold, ikahifadhiwa chini ya Makumbusho ya Brooklands. Ndege ya kwetu iliyozeekea ugenini.

Turudi kwenye sanduku. Plastiki ni nzuri, ina mistari midogo ya mabati iliyochongwa kwa ustadi ambao utotoni sikuwahi kuuona. Kabla ya kukata chochote zioshe fremu zote zinazoshika vipande kwa maji ya sabuni, maana hubaki na mafuta ya kalibu na rangi haishiki juu yake. Mwili uliungana vizuri. Mabawa ndiyo yaliyonitoa jasho: pale shinani palikuwa na mwanya wa kupitisha ukucha, pande zote mbili. Nilipiga puti na msasa mara nne, nikawaonea huruma mafundi wa kunyoosha magari wa Gerezani. Injini ni mbilimbili kila upande wa mkia, na ndani ya midomo yake kuna kiungo ambacho hakuna kidole wala msasa unaofika. Nimekiacha hivyo hivyo. Asiyeamini achungulie kwa tochi.

Kilichobadilika kuliko vyote ni gundi. Ile ya Tamiya, nyepesi kama maji, hupaki kabla. Unabana vipande viwili pamoja, unagusisha brashi yake kwenye ufa, nayo inakimbia yenyewe ndani na kuyeyusha plastiki ishikane. Mara ya kwanza kuiona nilicheka peke yangu. Lakini usiishike ndege kwa kidole kilichokaa juu ya ufa, kwani itafuata kidole, na alama ya dole gumba ya 1976 itarudi.

Kilichobadilika upande wangu ni macho na mikono. Miwani ya kusomea haikutosha. Ilibidi ninunue taa yenye lenzi, ile ya kubana pembeni ya meza. Mkono wa kulia unatetemeka kidogo asubuhi kabla ya chai, na hata baada ya chai, kwa hiyo kazi ndogo nilizipeleka saa kumi jioni. Gurudumu la mbele liliruka kutoka kwenye kibanio likapotea siku mbili. Mjukuu alilikuta ndani ya kandambili.

Jambo moja ambalo karatasi ya maelekezo imelitaja kwa haraka mno: injini zote ziko nyuma, kwa hiyo pua lazima ijazwe uzito kabla hujafunga mwili. Nilienda Feri kwa wavuvi nikanunua chubwi, nikazigonga kwa nyundo zikae vizuri, nikaona zinatosha. Hazikutosha. Ndege iliposimama kwa magurudumu yake mara ya kwanza ilikaa kitako kama mbwa anayesubiri mfupa. Nilitoboa tundu chini, nikasukumia chubwi nyingine na gundi, nikaziba. Weka uzito mara mbili ya unavyodhani.

Rangi nyeupe ya kupuliza niliipuliza wakati wa masika, kosa langu mwenyewe. Unyevu wa Dar uliitia ukungu, nikaisugua na kungoja mvua ikatike. Zile alama za shirika, ambazo huloweka majini kabla ya kubandika, zilikuwa nyembamba na rangi safi, ila zimechapwa zote kwenye utando mmoja, kwa hiyo kila moja unaikata mwenyewe kwa wembe. Simba wa mkiani alijikunja. Matone ya maji na siki kidogo yalimkunjua, sikio moja tu limeumia.

Kwa anayerudi kwenye mchezo huu nisingemshauri aanze na sanduku hili. Aanze na ndege ndogo ya injini moja, zipo zilizofungwa pamoja na rangi, brashi na gundi, ndipo aje huku. Mimi ninaliwekea nyota tatu kati ya tano, na ningelinunua tena kesho.

Jumapili nilimpelekea kaka. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza upande wa kushoto kutafuta mlango mkubwa wa mizigo. VC10 zetu zilikuwa nao, sandukuni haukuwemo, nikauchonga mwenyewe kwa sindano nikifuata picha. Akauangalia kwa muda.

"Umeuweka mbele mno," akasema. "Mlango huu nimesukumia makasha miaka saba."

Puti iko mezani tena.