Mashine ya kufunga marobota ya chupa na maboksi: uanze na ipi?

Canter ikitoka yadi ya kukusanya chupa na maboksi yaliyotumika, imebeba chupa za plastiki zisizobanwa, ukiiona barabarani utadhani imebeba mali ya mtaa mzima. Viroba vimepandana hadi juu ya kichwa cha gari, turubai limevutwa kwa kamba pande zote, na kijana mmoja kalala juu kabisa akizuia visidondoke. Ikifika kwenye mzani wa kiwanda, karatasi inatoka: kilo 390. Umelipa mafuta, dereva na utingo kusafirisha hewa.

Hesabu yake haina siri. Bodi ya urefu wa mita 4.2, upana 1.8, ukipanga hadi kimo cha mita 2, ni mita za ujazo 15. Chupa za maji zilizomwagwa tu zina kilo 25 hadi 30 kwa kila mita ya ujazo. Zikibanwa sawasawa zinafika 200 na kupita. Gari lileile sasa linabeba tani 3, na linalokuzuia ni uzito, siyo nafasi tena. Tuseme safari moja ni shilingi 120,000. Kwa chupa za viroba umelipa kama shilingi 300 kwa kila kilo. Kwa marobota, yaani mzigo uliobanwa na kufungwa, shilingi 40. Weka bei yako ya gari humo uone mashine italipa lini.

Na kama kwa wiki hufikishi hata tani moja, na mnunuzi yuko mtaa wa pili, usinunue mashine. Hela hiyo ifanyie meza ya kuchambulia na mzani unaoaminika. Nasema hivyo nikijua wauza mashine hawatanipenda.

Orodha hii nimeipanga kwa mtu wa yadi ya kawaida ya Dar, Mwanza au Arusha, anayepata tani 1 hadi 5 kwa wiki, chupa na maboksi yakiwa mchanganyiko. Kwa mwenye mzigo wa makontena mpangilio ungegeuka juu chini.

Ya kwanza: mashine ya wima ya umeme, tani 20 hivi

Hii ni sanduku la chuma lililosimama, mlango mbele, silinda ya mafuta ya haidroli juu ikishusha bamba. Unajaza kwa mlango wa juu, unabana, unajaza tena, mpaka robota likamilike. Vijana wawili wanaiendesha bila kugombana.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuulizia tani peke yake. Tani hazina maana mpaka uzigawe kwa ukubwa wa bamba. Bamba la sentimita 80 kwa 60 lina sentimita za mraba 4,800. Tani 20 juu yake ni zaidi kidogo ya kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba. Tani 20 hizohizo kwenye bamba la 120 kwa 80 zinashuka hadi kilo 2. Kwa hiyo mashine inayoonekana kubwa na ya kazi inaweza kubana nusu ya ile ndogo iliyo pembeni yake dukani, kwa bei ya juu. Nenda na tepu yako. Pima bamba mwenyewe, na usitegemee kilichoandikwa kwenye kibandiko.

La pili ni meno ya kuzuia. Chupa ya plastiki ina ukaidi: bamba likipanda tu, nayo inarudi juu. Mashine ya chupa lazima iwe na meno ya chuma kwenye kuta za ndani, yanayokubali mzigo ushuke lakini usipande. Maboksi hayahitaji sana meno, na ndiyo maana mashine nyingi zilizoundwa kwa ajili ya maboksi ya supamaketi zinauzwa kama za "kila kitu" halafu zinakuangusha kwenye chupa. Ingiza mkono ndani, mashine ikiwa imezimwa, uyatafute hayo meno.

Tatu, mifereji ya kupitishia waya. Ipo juu kwenye bamba na chini kwenye sakafu, ikitazamana. Isipotazamana, kijana wako atatumia robo saa kuvua waya kwa ndoano kila robota.

Halafu mlango, na hapa siongei kwa utani. Mzigo uliobanwa unausukuma mlango kwa nguvu usiyoiona. Kufuli ya komeo la kugonga ikifunguliwa, mlango unaruka mara moja. Yadi yangu ya zamani ulimvunja kijana mkono; bawaba zilikuwa za geti la nyumba, na fundi aliona zinatosha. Tangu siku ile nanunua mlango wenye gurudumu la kukaza, unaoachia polepole jinsi unavyozungusha. Pia kuwe na swichi inayokata umeme mlango ukiwa wazi, na kitufe chekundu cha kuzimia kilicho karibu na mkono wa mwendeshaji. Muuzaji akikuambia swichi hiyo inachelewesha kazi, tafuta muuzaji mwingine.

Umeme usiusahau hadi mwisho. Mota ya kilowati 5.5 inataka umeme wa njia tatu (three phase), na yadi nyingi zina njia moja. Kabla ya kulipa chochote nenda TANESCO ukaulize gharama ya kukuvutia hadi ulipo, kwa sababu nguzo mbili tatu zinaweza kukugharimu kuliko ulivyodhani. Penye umeme wa kubahatisha, mashine hiyohiyo hufungwa injini ya dizeli. Inapiga kelele na inakula mafuta, lakini kazi inakwenda.

Ya pili: sanduku la jeki, la kuchomelewa hapahapa

Kwa anayeanza, mwenye tani 1 hadi 2 kwa wiki, hili ndilo chaguo la busara, na mwaka wa kwanza huenda ukalipenda kuliko la umeme. Linachomelewa kwa chaneli na pleti na mafundi wa Gerezani au kwenye karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, na likiharibika fundi ni wa bodaboda moja.

Udhaifu wake ni mwendo wa jeki. Jeki ya kawaida ya gari inapanda sentimita 15 hivi basi. Chupa zinataka kushuka mita nzima. Kwa hiyo fundi anayejua kazi anatoboa nguzo tundu kila sentimita 10, unabana, unachomeka pini, unashusha jeki chini ya tundu la pili, unabana tena. Nusu saa kwa robota moja la kilo 60 ukiwa na vijana wenye nguvu. Kama fundi wako hajaelewa habari ya pini, hajawahi kufunga robota la chupa maishani. Mwache ajifunzie kwa mwingine.

Ukiweza kuongeza hela kidogo, toka kwenye jeki uende kwenye silinda ndefu yenye pampu ya mkono. Silinda hiyo utaihamishia kwenye mashine kubwa baadaye.

Masanduku ya kubana kwa wenzo tu, bila mafuta yoyote, yanafaa maboksi ya duka. Kwa chupa ni kujichosha.

Ya tatu: mtumba wa Ulaya

Chuma chake kizuri, wakati mwingine kizuri kuliko kipya kinacholetwa siku hizi. Tatizo linakaa kwenye mfumo wa mafuta ya haidroli. Simamisha bamba chini ya mzigo, zima, ukae robo saa ukilitazama. Likipanda taratibu, huenda sili za silinda zimekwisha. Angalia mipira ya mafuta kama ina nyufa. Na usipapase kwa kidole kutafuta panapovuja: mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa presha yanapenya ngozi kama sindano, na ni ya kukimbizwa hospitali hata kama hakuna damu. Tumia kipande cha boksi.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya vipuri tu. Mashine ikilala wiki tatu ikisubiri ubao wa umeme kutoka nje, viroba vinafika barabarani na mwenye nyumba anaanza kupiga simu.

Ya nne: mashine ya kulala

Inalishwa kwa mkanda, inatoa marobota mfululizo. Ni ya mwenye kontena. Kontena la futi 40 lina mita za ujazo 67 hivi. Kulijaza tani 22 unahitaji robota lenye zaidi ya kilo 330 kwa mita ya ujazo, kwani nafasi nyingine inapotea katikati. Robota la jeki halifiki huko. Kama unauza kiwanda cha hapa nchini, hesabu hiyo haikuhusu, na mashine hii itakula mkopo wako huku ikisubiri mzigo.

Waya na kamba

Watu wanalinganisha mashine miezi mitatu, halafu waya wananunua siku ileile kwenye duka la kwanza. Nilifanya hivyo. Nilichukua waya mwembamba wa kufungia nondo, nikafunga marobota 14, nikayapanga vizuri nikaenda kulala. Usiku mlinzi akanipigia kwamba kuna mtu anapiga risasi. Ilikuwa waya zinakatika, moja baada ya nyingine, na asubuhi chupa zilikuwa zimetapakaa hadi kwenye mtaro.

Namba ya waya inakwenda kinyume: kubwa ndiyo nyembamba. Namba 16 ina milimita 1.6, namba 12 ina 2.6, na nguvu yake ni zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa chupa, namba 12 mweusi, ule uliochomwa ukalainika, kwa sababu unanyongwa bila kuvunjika. Ujaribu dukani: ukunje na kuukunjua mahali pamoja mara kadhaa. Waya mgumu utakatika mapema. Mweupe uliopakwa zinki ununue tu kama marobota yanakaa nje kwenye mvua. Na waya uliotumika usiurudie, unakatikia palepale uliponyongwa.

Maboksi makavu hayana makuu. Kamba ya katani inatosha kwa marobota madogo, na waya namba 14 kwa makubwa. Kwa chupa katani hapana, na manila pia hapana: inaingia kwenye mashine ya kusaga pamoja na chupa, na mnunuzi anakukata kilo. Waya wa chuma anaukata na kuuchomoa. Mikanda ya plastiki ipo ya aina mbili zinazofanana kwa macho. Ile ya bei rahisi inalegea yenyewe baada ya siku chache. Kabla ya kununua hata rola moja, mpigie mnunuzi wako umuulize anapokea nini, maana vipo viwanda vinavyokataa.

Hakuna mashine itakayokuokoa na uchafu. Vizibo vilivyokazwa hufungia hewa ndani, na robota linavimba. Vilegezwe au chupa itobolewe. Chupa nyeupe, bluu na kijani kila moja na robota lake. Maboksi yaliyolowa yanaongeza uzito kwenye mzani wako na kupunguza hela kwenye wa kiwanda, ambako unyevu ukipita asilimia 10 au 12 wanaanza kukata.

Siku ya kukabidhiwa mashine, usikubali kuonyeshwa bamba linavyopanda na kushuka likiwa tupu. Nenda na viroba vyako vya chupa kwa fundi au kwa muuzaji. Fungeni robota moja kwa waya wako, liacheni bamba limelikandamiza dakika tano kabla ya kufunga, kisha litoeni. Pima urefu, uuandike kwa chaki ubavuni mwa mashine, uondoke. Rudi asubuhi na tepu. Likiwa limevimba kwa sentimita tano au zaidi, mimi salio silipi mpaka irekebishwe.