Mkataba wa kihami joto cha dari: uzoefu wangu baada ya kazi mbili

Dari ya nyumba yangu imewekewa kihami joto mara mbili. Mara ya kwanza nilipewa karatasi yenye mstari mmoja: "Kuweka kihami joto darini, kazi kamili." Mara ya pili nilisaini mkataba wa kurasa nne. Nimeishi chini ya kazi zote mbili, kwa hiyo ninachotathmini hapa hasa ni huo mkataba wa pili: ulichonipa, na pale uliponiacha.

Kazi ya kwanza sitairefusha. Mafundi walileta marobota ya sufi ya kioo, wakaingia darini asubuhi, wakatoka jioni, nikalipa zote siku hiyohiyo. Mwaka na nusu baadaye chumba cha pembeni kilikuwa bado kinachoma mchana na kupoa vibaya usiku, nikapanda na tochi. Kwenye kingo za paa sufi haikufika kabisa. Katikati, vipande vya sentimita 16 vilikuwa vimebanwa chini ya mbao za kukanyagia mpaka vikabaki 9. Sufi ikibanwa hivyo hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake, maana kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Nilimpigia mkandarasi. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, tulikubaliana unene gani?" Nikaitazama karatasi yangu. Hatukuwa tumekubaliana unene wowote.

Swali lile lilinikaa. Nilipotafuta mkandarasi mwingine sikuanza na bei. Niliomba kwanza kuona nakala tupu ya mkataba wanaotumia. Wawili walisema wataandika tukishaelewana. Wa tatu alinitumia siku hiyohiyo, na ndani yake nikakuta nafasi za kujaza ambazo sikuwahi kuziona: eneo, unene wa siku ya kazi, unene wa chini kabisa baada ya kihami kutulia, kipimo cha R (namba inayoonyesha kihami kinazuia joto kiasi gani; ikiwa kubwa, kinazuia zaidi), idadi ya mifuko, tarehe, saini ya fundi. Baadaye nilijua orodha hiyo ina asili yake. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitunga kanuni inayomtaka mfungaji wa kihami joto cha nyumba ampe mteja mkataba au risiti inayoonyesha eneo, unene na kipimo cha R. Na kihami kikiwa cha kumwaga au kupuliza, unene wa baada ya kutulia na idadi ya mifuko navyo viandikwe. Sheria za kwenu zinaweza kuwa kimya kuhusu hilo, lakini hakuna kinachokuzuia kuyadai mambo hayo kabla hujasaini.

Kwenye mifuko nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoinusuru kazi yangu. Tulichagua selulosi, yaani karatasi zilizosagwa na kutiwa dawa ya kupunguza kushika moto, inayopulizwa darini kwa bomba. Kihami cha namna hii hutoka kwenye bomba kikiwa kimeumuka, kisha hushuka taratibu kadiri muda unavyopita. Sasa, mashine ikitia hewa kupita kiasi, mifuko michache tu inatosha kufikisha kimo kinachotakiwa, na siku ya kazi kila anayechungulia anaridhika. Hasara huja baadaye, kihami kinaposhuka kuliko ilivyotarajiwa na hakuna mtu tena juu ya ngazi. Rula haiwezi kuona hilo, kwa kuwa inapima kimo tu. Kiasi halisi kilichoingia darini kinajulikana kwa mifuko. Kwenye kila mfuko mtengenezaji huchapa jedwali la mita za mraba ambazo mfuko mmoja unatosha kwa kipimo fulani cha R, hivyo hesabu hiyo hata mwenye nyumba anaweza kuifanya. Kwa dari yangu ya mita 80 za mraba mkataba ulisema: R-38, sentimita 31 siku ya kazi, zisipungue 27 baada ya kutulia, mifuko 50.

Niliomba mifuko mitupu irundikwe nje, isitupwe. Jioni kiongozi wa mafundi akaniambia wamemaliza. Nikapanda: rula zilizopigiliwa kwenye kenchi zilisoma 31 kote. Nikashuka kuhesabu mifuko. Ilikuwa 43.

"Fundi, hapa pameandikwa hamsini."

"Lakini kimo kimefika, mama. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Ila tuliandika vyote viwili."

Aliusoma ule ukurasa kimya, akampigia bosi wake, na kesho yake asubuhi wakarudi na mifuko saba. Walipunguza hewa ya mashine, wakapuliza iliyobaki, rula zikapita 34. Sikulazimika kupandisha sauti wala kujifanya najua ufundi kuwazidi. Na siamini kwamba alikusudia kunipunja. Mashine ilifunguliwa hewa vibaya na hakuna aliyekagua. Bila ile namba 50 tungeagana jioni ile tukishukuriana.

Kuhusu kipimo cha R kuna mtego mmoja. Huandikwa kwa mifumo miwili: R-38 ya futi na inchi ni karibu 6.7 kwa vipimo vya mita (gawanya kwa 5.68). Mkataba wangu haukutaja mfumo, nikaomba uongezwe kwa kalamu na tukasaini pembeni sote wawili. Pia hakikisha kinachoandikwa ni R ya kihami kitakachowekwa kwenu, kwa unene wenu. Matangazo hupenda kutaja R ya kila inchi, na hiyo haikwambii chochote kuhusu dari yako mpaka ujue ni inchi ngapi.

Malipo yalikuwa ya haki. Nilitoa theluthi moja vifaa vilipofika, kubwa ikafuata kazi ilipokwisha, na asilimia 10 nikabaki nayo mpaka ukaguzi. Nina hakika hiyo asilimia 10 ilisaidia mifuko saba kufika mapema vile. Kulikuwa pia na kifungu kwamba nyongeza yoyote iandikwe na kusainiwa kabla haijafanywa. Walipokuta doa la maji chini ya bati moja, kazi ilisimama, tukaandika nusu ukurasa, nikamwita fundi wa paa kwanza. Kufunika unyevu kwa selulosi ni kuozesha mbao. Matundu ya hewa ya ukingoni mwa paa yaliandikwa kwa jina, kwamba yatakingwa yasizibwe. Taa za zamani zilizozamishwa darini nazo, kwamba zitaachiwa nafasi zisipate joto. Bima yao dhidi ya ajali niliomba nakala, wakaleta.

Mkataba ulipopungua ni hapa. Mlango wa kupandia darini haukutajwa popote. Wamemaliza dari nzima kwa uzuri, na ule ubao mwembamba katikati ya korido umebaki mtupu, joto likishuka hapo moja kwa moja. Niliulizia, wakasema haumo, na kweli haumo. Nikalipia nyongeza. Kifungu cha kuziba mianya kabla ya kupuliza nacho kilisema "mianya inayoonekana", maneno ambayo kila mtu anaweza kuyavuta upande wake. Leo ningeandika kila sehemu: mabomba yanapopenya, nyaya za umeme, vichwa vya kuta, fremu ya mlango wa dari. Tena vizibwe na nivione kabla ya bomba kuwashwa, kwa sababu baada ya hapo havionekani tena.

Dhamana nayo isomeni mara mbili. Yangu ilikuwa na sehemu mbili zilizoandikwa kwa sauti moja. Mtengenezaji anadhamini bidhaa kwa muda mrefu sana, mkandarasi anadhamini ufungaji kwa miaka 2. Ukisoma haraka unadhani ule muda mrefu unahusu kazi ya fundi. Nilichoomba, na nilikubaliwa, ni sentensi moja: kihami kikishuka chini ya sentimita 27 ndani ya miaka hiyo 2, mkandarasi ataongeza kwa gharama yake.

Nakala ya mkataba nimeiweka kwenye bahasha ya plastiki na kuipigilia kwenye mbao karibu na mlango wa dari, pamoja na lebo ya mfuko mmoja. Mwezi uliopita, miezi 14 tangu kazi iishe, nilipanda na tochi nikasoma rula zote sita. Ya chini kabisa ilikuwa 29.