TAHADHARI: Fundi wa suti anayekuchomea uzi mbele ya macho yako

Wiki tatu nimelinyamazia jambo hili. Mke wangu aliniomba niliache lipite, akasema watu watazisahau zile picha za harusi yetu. Ningeliacha. Lakini juzi kijana mmoja wa kazini ameniambia anashonewa suti ya harusi ya Desemba, akanitajia jengo, akanitajia ghorofa, akanieleza jinsi fundi alivyomchomea uzi wa kitambaa ili ajionee mwenyewe. Tumbo lilinikaza. Ameshalipa arubuni.

Jina la fundi silitaji hapa kwa sababu kesi iko polisi na wakili amenikataza. Yuko ghorofa ya pili, upande wa River Road, Nairobi, na anayepanda zile ngazi atamjua.

Mnaonifahamu mnajua sikuamka tu asubuhi nikaingia kwa fundi wa kwanza. Tangu ile habari ya ruracio, yaani mahari, ilipokubaliwa nilikuwa nasoma kuhusu suti kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nilijua tofauti ya koti lenye kanvasi, kile kitambaa kigumu cha ndani kinacholipa koti umbo, iliyoshonwa kwa mkono kifuani na koti lililobandikwa kwa gundi. Nilijua ile namba ya Supa inapima wembamba wa unyuzi wa sufu, kwamba Supa 120 haitakiwi kuzidi maikroni 17.75 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kwamba namba kubwa si lazima iwe kitambaa kinachodumu zaidi. Nilitaka sufu ya gramu 280 kwa mita, kwa sababu asubuhi ya Nairobi ni baridi na saa sita jua linawaka, na sufu hupumua pande zote mbili. Na baba yangu alikuwa na suti moja tu maisha yake yote, ya sufu, iliyoshonwa Biashara Street kabla sijazaliwa, na tulimzika nayo. Mimi nilitaka moja kama ile. Nilitaka mwanangu aikute kabatini.

Fundi huyu nilielekezwa na mzee wa kanisa, mtu ninayemheshimu, ambaye naye hakujua. Nilipoingia nilikuta chereheni tatu, chaki, mkasi mzito wa chuma uliolika mpini, na daftari la vipimo limejaa mwandiko wa miaka. Alinipima mara mbili. Aliona bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto, jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniambia, na akaliandika. Nani asingemwamini mtu kama huyo?

Sasa sikilizeni uzi wenyewe.

Alivuta droo akatoa kitabu cha sampuli, vipande vidogo vya kitambaa vimepangwa kama kurasa. Akanisukumia. "Chagua mwenyewe, bwana harusi, usije ukasema mzee alinichagulia." Nikachagua bluu ya usiku. Akaniambia hiyo imetoka Huddersfield, Uingereza, na mimi nilikuwa nimeshasoma kwamba Huddersfield ni mji wa sufu, kwa hiyo nikatikisa kichwa kama mjuaji. Akachomoa uzi mmoja kwa ukucha, taratibu, bila kuukata. Akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja, moto ukazima wenyewe, kukanuka nywele zilizoungua. Akaweka lile jivu kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisaga, likawa unga mweusi. Akanionyesha kidole. "Hii ni nini?" Nikasema ni sufu. "Umesema wewe, si mimi."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani kila usiku. Umesema wewe, si mimi.

Bei ilikuwa Sh45,000 kwa koti, suruali na kizibao. Aliomba 30,000 kwanza, za kununulia kitambaa. Akasema till yake, namba ya M-Pesa ya biashara, inasumbua tangu asubuhi, nitume kwa namba ya simu. Kwenye simu likatokea jina la mwanamke. Nikamuuliza, akasema ni mama watoto. Nikaweka namba ya siri. Risiti hakunipa, akaandika tu kwenye daftari lake, nami nikaridhika kwa sababu niliona jina langu limeandikwa vizuri.

Baada ya siku tisa akaniita kujaribisha. Koti lilikuwa na nyuzi nyeupe za bandi, zile za kushikiza kwa muda, kila mahali, mabegani, mikononi, mgongoni. Nilifurahi mno, nilipiga picha nikamtumia mke wangu. Alichora chaki, akabana pini, akachomoa mkono mmoja akaurudisha. Kitu kimoja nilikiona na nikakipita: bitana ilikuwa tayari imeshonwa ndani, yote, hadi chini. Koti la kujaribishwa mara ya kwanza halina bitana. Fundi anahitaji kulifungua tena, anahitaji kuiona kanvasi. Nilikuwa nimelisoma hilo kwa macho yangu, na siku hiyo nikajiambia tu kwamba mzee ana kasi. Leo naamini lile koti alilinunua limeshashonwa kiwandani, akapitisha nyuzi nyeupe juu yake ili nione ninachotaka kuona.

Siku ya kuchukua nguo aliniweka hadi saa moja na nusu usiku. Stima ilikuwa imepotea kwenye jengo. Nilivaa kwa mwanga wa simu, nikamalizia 15,000, nikashuka ngazi nimelibeba lile koti kama mtoto mchanga.

Ya harusi mnayajua, wengi mlikuwepo. Nitasema tu kwa wasiokuwepo. Tulipopiga magoti madhabahuni suruali ilipasuka mshono wa nyuma, na sauti yake ilisikika hadi kwenye viti vya wakwe zangu. Mpambe wangu alisimama nyuma yangu ibada nzima ili kunisitiri, Mungu ambariki. Nilipokuja kuigeuza ndani, mshono ulikuwa umeachiwa kitambaa chembamba kuliko kucha yangu ndogo. Suti ya kupimwa huachiwa akiba ndani, ili ukinenepa ipanuliwe. Halafu ile mvua ya saa tisa, mvua ndogo tu ya kupita, na kifua cha koti kikaanza kuvimba. Kikatoa malengelenge, kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Gundi ilikuwa inaachia. Picha zote za bustanini niko hivyo, na mama mkwe wangu amezitundika sebuleni kwake.

Jumatatu nikalipeleka koti kwa dobi. Hakutia hata pasi. Alibana kitambaa kifuani kwa vidole viwili, akanitazama, akaniuliza nililipa ngapi. Nilipomwambia, alinyamaza. Akachomoa uzi kwenye pindo la ndani akauchoma. Uliyeyuka. Ukadondoka tone jeusi, likaganda likawa gumu kama shanga, na harufu ilikuwa ya plastiki. Poliesta tupu. Niliomba nilishike lile tone. Ninalo hadi leo kwenye bahasha, pamoja na koti.

Nilimrudia fundi siku hiyohiyo. Kulikuwa na wateja watatu. Sikupiga kelele, nilimwekea koti mezani nikamwambia, mzee, hii si sufu. Mnajua alifanya nini? Alivuta ile droo. Akatoa kile kitabu, akachomoa uzi wa ile bluu, akauchoma mbele ya wote, akawanusisha. Mama mmoja akasema, "Si ni sufu kweli?" Nikamwambia fundi achome uzi wa koti. Akasema yeye hachomi nguo za wateja. Akaniambia dobi wangu ameiharibu kwa maji, nisimletee fujo kazini. Wale watu walinitazama kama mimi ndiye mwizi. Nilishuka zile ngazi macho yamejaa machozi, mwanamume wa miaka thelathini na minne.

Tangu hapo simu zangu hapokei. Nikipiga kwa namba nyingine, akisikia sauti yangu anakata.

Nimeandikisha taarifa polisi na namba ya OB, kitabu chao cha matukio, ninayo. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka mitatu jela, na naandika bila hasira ya kupita: miaka mitatu ni michache kwa mtu anayengoja siku ya harusi ya watu. Nataka afungwe. Nataka zile chereheni ziuzwe watu walipwe. Nataka kile kitabu cha sampuli kichomwe, karatasi kwa karatasi, mbele yake. Na pesa nitazifuata Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Mimi nimeshachukua likizo ya kazi kwa ajili hiyo. Anayefikiri nitachoka hanijui.

Kwa walio na kazi kwa mafundi wengine, sina maneno mengi. Uzi uchomwe wa kitambaa kitakachokatwa, siyo wa sampuli, na uuchomoe wewe. Suti ya mtu wa kawaida hula kama mita tatu na nusu za kitambaa cha upana wa mita moja na nusu. Omba kukiona chote kikiwa kizima, ukate kipande cha kona ubaki nacho. Ukijaribishwa koti lina bitana, livue uondoke. Namba ya M-Pesa yenye jina la mtu mwingine, hapana. Na usichukue nguo usiku. Mengine yatanijia, kwa sasa nikiandika mkono unatetemeka.

Mafundi waaminifu wapo Nairobi, nimewaona, na huyu anawaharibia jina. Hilo nalo alipie.

Kama umelipa arubuni ghorofa ile ya pili na hajakata, nenda leo, usingoje kesho, ukachukue pesa yako au kitambaa chako. Kama ulishashonewa, geuza pindo la ndani, chomoa uzi mmoja, uuchome juu ya sahani. Ukiyeyuka, niandikie faraghani na ujumbe wa M-Pesa usiufute. Afisa aliyeshika faili langu amesema tukifika watano wenye jina lile lile la mwanamke kwenye ujumbe, itakuwa vigumu kwa fundi kusema ni dobi. Tuko wawili, mimi na kijana wa kazini.