Siku 7 Kilimanjaro: Tathmini ya Huduma ya Waongozaji
Nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame nikiwa na kampuni moja ya Moshi. Siku ya tatu waongozaji walitupandisha hadi Lava Tower, mnara wa mwamba ulioko mita zipatazo 4,600, kisha wakaturudisha chini kulala kambi ya Barranco ili miili izoee hewa hafifu. Nami niliyedhani kupanda ni kukazana tu, hapo ndipo nilipoielewa "pole pole" yao. Hema lilivuja usiku mmoja. Hata hivyo, tulipokuwa tukielekea Kilele cha Uhuru, mita 5,895, nikataka kuharakisha, kiongozi alinisimamisha kwa upole: "Dada, pumua kwanza, mlima haukimbii." Nilimtii, nikafika. Ningewachagua tena, na ningeomba siku 7 zilezile, si 6.