Saa za mchanga, seti moja ya saa tatu: kwa mafumbo sawa, kwa mayai hapana

Nilizinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Muuzaji alianzia 20,000, tukamalizana kwa 15,000. Nyekundu ya dakika 3, buluu ya 5, kijani ya 10. (Jina lake la zamani ni shisha, ila siku hizi ukiulizia shisha dukani utaangaliwa vibaya.)

Sikutafuta pambo la kabati. Mtoto wa kaka yangu yuko darasa la sita na anapenda hesabu zenye hila, basi nikampa hii: una saa ya 3 na ya 5 tu, chemsha yai dakika 7, na muda uanze kuhesabiwa pale pale unapozigeuza. Alilala nalo. Asubuhi, hata uso hajanawa: "Shangazi, nimelipata!" Anageuza zote mbili pamoja. Nyekundu ikiisha, anaigeuza tena. Buluu inapoisha ni dakika 5, na nyekundu imeshamwaga mchanga wa dakika 2. Anaipindua hapo hapo, zile 2 zinarudi zilikotoka. Jumla 7.

Tukaingia jikoni. Simu yangu ikasoma 7:30, na kiini kimeiva kuliko tulivyotaka. Mtoto karibu alie. Tukazipima moja moja: nyekundu inakwenda 3:10, buluu 5:20. Kumbe akili yake ilikuwa sawa, saa ndizo za mchongo. Na tazama lilivyo tamu: katika njia yake buluu inahesabiwa mara mbili, kisha nyekundu inatolewa. Kwa hiyo zile sekunde 20 za ziada zikawa 40, ukitoa 10 zinabaki 30. Ndizo zilizoharibu yai.

Nilipomrudia muuzaji, alicheka. "Dada, kwani kuna mtu anapimia hizo?"

Niseme na mazuri yake. Nyekundu na buluu huenda muda ule ule uzigeuze upande wowote, na buluu ilishaanguka sakafuni isivunjike. Kijani ndiyo hasara: mchanga hukwama shingoni mpaka uigonge kwa kidole, nimeiacha dirishani. Ukienda kununua, washa saa ya simu uzipime kabla hujatoa hela, hata akinuna.

Sasa nimeandika muda wa kweli kwa maka peni chini ya kila moja. Jana nikamwambia mtoto anipimie 2:10. Alinipa jibu maji ya chai hayajachemka.