Mosquirix mezani kwa mchanjaji: kichupa cha AS01 kinafanya kazi gani?

Chanjo ya malaria ikitajwa, wengi hufikiria antijeni, yaani kipande cha protini ya kimelea. Kwenye Mosquirix kipande hicho ni unga ulio katika kichupa kimoja. Kichupa cha pili, cha majimaji yaitwayo AS01, ndicho kinachoufanya unga huo uwe chanjo, na ndicho kinachomtaabisha zaidi mchanjaji.

Protini tupu ikidungwa, mwili hauishughulikii sana. Seli za dendriti, yaani seli za kinga zinazoipeleka antijeni kwa seli T (askari wa kinga), ambazo Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza mwaka 1973, huimeza, lakini bila ishara ya hatari hazikomai. Hazitokezi CD80 na CD86, protini za kuziamsha seli T, za kutosha kwenye uso wake wa nje, na seli T zikiletewa antijeni bila alama hizo hazichangamki. AS01 huleta ishara hiyo kwa viambato viwili. MPL, iliyotolewa kwenye bakteria wa Salmonella na kupunguzwa sumu, hushika TLR4, kipokezi cha seli za kinga kinachotambua bakteria. QS-21, saponini ya magome ya mti wa Quillaja saponaria wa Chile, huziamsha makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, za tezi za limfu. Viwili hivyo vikiwa pamoja, interferoni gama, protini ya kuamsha kinga, hutoka mapema na seli za dendriti hukomaa kwa wingi. Kila dozi ya mililita 0.5 ina maikrogramu 25 za MPL, 25 za QS-21 na 25 za antijeni. QS-21 ikiachwa peke yake hupasua chembe nyekundu za damu, ndiyo maana imefungwa ndani ya liposomu, yaani vifuko vidogo sana vya mafuta, zenye kolesteroli. Ni ufundi wa hali ya juu.

Majaribio ya panya yameonyesha kwamba AS01 hufaa ikidungwa mahali palepale pa antijeni, tena kwa wakati unaokaribiana. Ikidungwa kwenye kiungo kingine, faida hupotea. Kwa hiyo kosa baya kuliko yote kliniki ni kuyeyusha unga kwa maji ya chanjo nyingine, kama ya surua. Mtoto atapata antijeni isiyo na mwamshaji, na hakuna atakayeligundua kosa hilo kwa macho. Vichupa vimebanwa viwiliviwili. Visitenganishwe hadi dakika ya kuchanganya.

Kuchanganya kwenyewe si kugumu. Vuta AS01 yote, iingize kwenye unga, kisha zungusha kichupa taratibu mpaka unga uyeyuke wote. Utapata majimaji yenye ukungu kidogo, yasiyo na rangi au ya hudhurungi hafifu, ya dozi mbili. Kila mtoto avutiwe mililita 0.5 kwa bomba lake na kudungwa kwenye msuli. Hakuna kihifadhi ndani, basi kinachobaki baada ya saa 6, au kliniki ikifungwa kabla ya hapo, kimwagwe. Kabla ya kuchanganywa, vichupa vikae nyuzi joto 2 hadi 8, mbali na mwanga. Vikiganda, vitupwe, barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza isiviguse.

Homa ni ya kawaida, kwa sababu mwili umeamshwa kweli. Degedege hutokea kwa nadra ndani ya siku 7, na mama aambiwe kabla hajaondoka.

Mshindani wa Mosquirix, chanjo ya malaria ya R21/Matrix-M, nayo hutumia saponini ya mti uleule, ila huja tayari kwa kudungwa, na bei yake haifiki dola 4 kwa dozi, ilhali Mosquirix ilianza kwa yuro 9.30. Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi kwamba moja inakinga kuliko nyingine. Kwa zahanati yenye wahudumu wachache tungechagua R21 bila kusita, kwani hatua ya kuchanganya haipo na kosa lake halipo.

Hata hivyo Mosquirix imethibitika katika kazi halisi. Katika majaribio ya utoaji yaliyoanza mwaka 2019 Ghana, Kenya na Malawi, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Udhaifu wake ni kwamba kingamwili hushuka, hivyo dozi ya nne ni ya lazima. Kwenye majaribio hayo Kenya iliipanga miezi 24, umri ambao mama wengi wameshaacha kuja kliniki. Tarehe yake iandikwe kwenye kadi siku ileile ya dozi ya tatu.